Ndugu Mhariri, sio kila ndege ya zamani ni Dakota

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na tafadhali msinikate katikati maana barua za siasa kila wiki mnaziachia nusu ukurasa, hii yangu ni ya ndege tu, haimuudhi mtu, labda yule kijana wenu anayeandika maelezo chini ya picha.

Jumapili iliyopita kwenye ile kona ya picha za kale mmeweka ndege iliyopigwa jua likiwa nyuma yake, nyeusi tii, inapita juu ya minazi, huoni rangi, huoni maandishi, ni umbo tupu. Chini mmeandika "Dakota ya East African Airways ikipaa Lindi, 1938". Mstari mmoja, makosa mawili. La kwanza hata mtoto wa darasa la tano analiona, ndege ile ina mabawa mawili kila upande, la juu na la chini, na Dakota ina moja. La pili, hiyo East African Airways mwaka 1938 haikuwepo, imeanza tarehe 1 Januari 1946 ikiwa mali ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kwahiyo ama mwaka umekosewa ama kampuni imekosewa, na jina la ndege limekosewa kwa vyovyote.

Mi siwashangai sana lakini. Huku kwetu Dakota imeshakuwa jina la kila ndege ya pangaboi yenye umri mkubwa. Lodestar inaitwa Dakota, Dove inaitwa Dakota, kuna kalenda moja ya ukutani niliikuta kwa kinyozi ina ndege ya injini nne na imeandikwa Dakota, injini nne jamani! Mtu akishaona panga na picha haina rangi basi kazi imeisha. Na wazee wetu waliopanda Dakota kweli wapo, miaka ya 50 na 60 ndo ilikuwa ndege ya kupeleka watu kila mahali hapa, kwahiyo jina limeganda mdomoni, hilo naelewa. Ila gazeti sio kijiweni. Mkiandika nyie leo, kesho mwanafunzi anaikata anaibandika kwenye kazi ya historia, keshokutwa iko kwenye kitabu.

Ninachotaka kusema ni kimoja tu: kama picha ina ndege, msikimbilie kuandika mwaka kabla hamjaitazama ndege yenyewe, maana umbo la ndege ndo linaloshika tarehe kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote. Nguo zinarudi fasheni, minazi ya Lindi ya 1930 na ya 1970 ni ile ile, lakini ndege aina fulani imeanza kuruka mwaka fulani unaojulikana, haiwezi kupigwa picha kabla haijatengenezwa. Na huhitaji rangi wala maandishi. Kivuli kinatosha mara nyingi, ukijua pa kutazama.

Sisi wachache tunaopenda haya mambo tunakwenda kwa mpangilio, bawa kwanza, afu injini, afu mwili, afu mkia. Hatukuutunga sisi, umetoka kwenye Vita Kuu ya Pili ambako kuijua ndege kwa kivuli ilikuwa suala la nani anakufa. Tarehe 6 Septemba 1939, siku tatu tu tangu Uingereza itangaze vita, ndege za Spitfire za kikosi namba 74 zilirushwa kwenda kupambana na maadui waliodhaniwa wanaingia kutokea mashariki ya London, wakawakuta, wakafyatua, wakaangusha ndege mbili na rubani mmoja akafa, Montague Hulton-Harrop. Maadui wenyewe walikuwa Hurricane za kikosi namba 56, Waingereza wenzao. Ndege zote mbili zina injini moja, zote zina bawa moja la chini, lakini bawa la Spitfire limezunguka kwa mviringo mpaka nchani na la Hurricane ni nene na butu, ukizijua huchanganyi, ila yule aliyeko angani ana sekunde chache tu na moyo unamwenda mbio.

Baada ya hapo ndo watu wakaanza kusomeshwa vivuli kwa bidii. Wale raia wa kujitolea wa Observer Corps waliokuwa wanakaa vilimani na darubini wakihesabu ndege zinazopita, wakapewa kadi na vitabu vyenye maumbo meusi, kila ndege mara tatu: inavyoonekana kwa mbele, kwa ubavuni, na ukiwa chini yake. Marekani wakaenda mbali zaidi. Kule kulikuwa na mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Samuel Renshaw, aliyekuwa anawamulikia askari wa majini picha ya ndege ukutani kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, mpaka sehemu ya mia, halafu anauliza ni nini hiyo. Na 1942 jeshi lao la majini likaomba wanafunzi wa shule watengeneze modeli 500,000 za ndege, zipakwe rangi nyeusi, kipimo cha moja kwa 72, kwa maana ukiiweka modeli ile mita 10 kutoka jichoni mwako unaiona sawasawa na ndege yenyewe ikiwa mita 720. Hesabu nyepesi lakini mi inanipendeza kila nikiifikiria, watoto na gundi yao wanasaidia vita.

Pamoja na yote hayo, usiku wa tarehe 11 Julai 1943 kule Sicily, ndege 144 za C-47 zikiwa zimebeba askari wa miamvuli wa Kimarekani zilipita juu ya meli na mizinga ya upande wao wenyewe, zikapigwa, 23 zikaanguka. Na C-47 ni nini? Ni hiyo hiyo Dakota yenu, jina la kijeshi tu. Gizani umbo halisaidii kitu. Ndo maana mwaka uliofuata walipovuka kwenda Ufaransa wakaamua kuzipaka ndege zao michirizi myeupe na myeusi kwenye mabawa na mwili, mwenye macho aone bila kufikiri.

Huku kwetu hakuna anayekufa kwa maelezo mabovu ya picha, sawa. Tuendelee.

Nianze na Dakota halisi ili tuachane nayo. Ni Douglas DC-3, imeruka mara ya kwanza Desemba 1935. Bawa moja, la chini, injini mbili za duara. Ukiitazama kwa chini, ukingo wa mbele wa bawa umerudi nyuma kadiri unavyokwenda nchani, ukingo wa nyuma umenyooka karibu moja kwa moja, hicho ndo kitambulisho chake kikubwa. Mkia una pezi moja kubwa la mviringo. Na ikiwa angani imekunja matairi, hayamezwi yote, sehemu ya chini inabaki imechungulia nje chini ya injini. Lodestar ambayo nayo ilitumika na East African Airways mnaitofautisha kwa sekunde moja: mkia wake una mapezi mawili, moja kila mwisho. Dove ni ndogo zaidi, pua imechongoka, injini zake nyembamba kwa sababu silinda zimepangwa kwa mstari na sio kwa duara. Mtu akishajua hivyo vitatu hata kama ni kipofu wa rangi hawezi kuchanganya.

Sasa ile ya kwenu ya Jumapili. Nimeichukua gazeti nikalisogeza dirishani nikatumia lensi ya kusomea. Mabawa ya juu na chini, injini mbili, zote mbili zimekaa kwenye bawa la chini. Hapo tu umeshafuta ndege nyingi sana, kwa Afrika Mashariki zinabaki mbili za maana za kampuni ya de Havilland, Dragon na mdogo wake Dragon Rapide, na watu wanazichanganya kila siku hata huko Ulaya. (Ingekuwa na injini nne mtindo huo huo ningesema DH.86, lakini ni mbili, nimehesabu.) Dragon ilianza kuruka Novemba 1932, Rapide Aprili 1934. Dragon ina injini za Gipsy Major za nguvu ya farasi 130 kila moja, silinda nne. Rapide ina Gipsy Six za farasi 200, silinda sita kwa mstari mmoja, na injini ya silinda sita ni ndefu, lazima itokeze mbele zaidi. Kwahiyo ile nguvu ya farasi ambayo unadhani haiwezi kuonekana kwenye kivuli, inaonekana, tazama tu pua za injini zimechomoza kiasi gani mbele ya bawa. Kwenye picha yenu zimechomoza haswa.

Halafu bawa. La Dragon lina upana ule ule kutoka kwenye mwili mpaka karibu na ncha, afu linazungushwa. La Rapide linapungua upana taratibu mpaka nchani linakuwa jembamba kabisa, la juu na la chini yote, na hii ndo inayoipa Rapide sura ya kifahari ukiiona kwa chini, utasema sio ndege ya mbao na kitambaa, na kumbe ni mbao na kitambaa. Kwenye picha yenu bawa la kulia limeinama kidogo kuelekea kwetu na ncha yake inaonekana vizuri, ni nyembamba. Na matairi yamefunikwa na ganda linaloshuka kutoka kwenye injini bila kukatika, injini na ganda ni kitu kimoja. Imekwisha. Ni Rapide.

Mnaona kwanini natofautisha? Kama ingekuwa Dragon ningesema hii ni miaka ya 30, pengine ni ya Wilson Airways, ile kampuni iliyoanzishwa Nairobi 1929 na bibi Florence Kerr Wilson akiwa na rubani Tom Campbell Black, na ndo huyo bibi ambaye uwanja wa Wilson pale Nairobi unaitwa kwa jina lake mpaka leo. Vita vilipoanza 1939 ndege zao zikachukuliwa na jeshi na kampuni ikaishia hapo. Rapide inaleta utata kidogo kwa sababu Wilson Airways nao walikuwa nazo, na East African Airways ilipoanza 1946 ndege zake za kwanza kabisa zilikuwa Rapide, sita. Kwahiyo umbo la ndege peke yake linasema "kuanzia 1934 na kuendelea", haliamui kati ya kabla ya vita na baada ya vita. Hapo kuna kitu kingine kwenye picha hiyo hiyo nitakuja kukisema mwishoni.

Kabla sijafika huko niwape nyingine ambazo nimeziona zikiitwa majina ya ajabu, sio kwenye gazeti lenu tu.

Ndege za majini za Imperial Airways, shirika la ndege la Uingereza la kabla ya vita. Njia yao ya kutoka London ilifika Mwanza 1931, na kipande cha kutoka Khartoum kuja Kisumu na Mwanza walitumia Short Calcutta, ndege yenye tumbo la mashua, mabawa ya juu na chini, na injini tatu zimening'inia katikati ya mabawa. Injini tatu! Huwezi kuikosea. Miaka sita baadaye, 1937, zikaja Short Empire zinazopita Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, mpaka Durban, hizi bawa ni moja tu, limekaa juu kabisa, injini nne, mwili mnene wa kwenda juu. Kwahiyo mkiletewa picha ya ndege imekaa kwenye maji bandarini Dar na mtu anasema ni 1931, tazama bawa, kama ni moja basi mwaka sio huo. Na kama mtu anasema ni 1958 napo mkatalie, BOAC, shirika la Uingereza lililorithi njia zile, waliachana kabisa na ndege za majini Novemba 1950. Tatizo ni Sunderland ya kijeshi, ni ndugu wa damu wa Empire, kiwanda kimoja, injini nne, bawa la juu. Tofauti iko puani na mkiani: Sunderland ina vibanda vya bunduki, pua yake imekatika mbele na kuna kinundu nyuma kabisa ya mkia. Empire pua ni laini.

Hizo Empire zina kisa kimoja cha jirani zetu Kongo ambacho siwezi kukiruka. Machi 1939 moja inayoitwa Corsair iliondoka kwenye Ziwa Victoria kuelekea Juba, ikapotea njia kwa sababu ya hitilafu ya kifaa cha kuongozea, mafuta yakakaribia kuisha, rubani akaishusha kwenye mto mdogo karibu na Faradje, kaskazini mashariki ya Kongo. Ikagonga mwamba ikatoboka. Wakaitengeneza miezi, jaribio la kuruka likashindikana, wakaitengeneza tena, wakajenga na bwawa ili maji ya mto yapande, ikaruka Januari 1940. Ndege nzima, tani kadhaa, kutoka kwenye mto wa porini! Nimewahi kuona picha ya ndege iliyokwama mtoni imeandikwa ni ajali ya vita vya Kongo vya miaka ya 60. Ukijua umbo la Empire huandiki hivyo.

Nyingine ni Handley Page HP.42, hii ndo iliyokuwa inaleta abiria wa Imperial Airways mpaka Kisumu kwa nchi kavu. Mabawa ya juu na chini, la juu lina urefu wa karibu mita 40 kutoka ncha mpaka ncha, na Bombardier Q400 za ATCL mnazoziona leo ni mita 28 na kidogo, hata Boeing 737 haifiki mita 40. Injini nne, mbili bawa la juu, mbili bawa la chini. Mwendo wake wa kawaida ni kama kilomita 160 kwa saa, basi la mkoani likipewa barabara tupu linaikaribia. Na zilitengenezwa nane tu duniani, zote majina yanaanza na H: Hannibal, Heracles, Hadrian na wenzao. Kuanzia Kisumu kwenda Cape Town abiria walihamia kwenye Armstrong Whitworth Atalanta, nayo nane tu, na hii ndo naipenda kuliko zote, bawa moja la juu halina waya wala nguzo, injini nne zimeingizwa ndani ya bawa vizuri, ni ya 1932 lakini kivuli chake ukimwonyesha mtu leo atakwambia ni ndege ya miaka ya 50. Hapo umbo linaweza kukudanganya tarehe, nakubali, na ndo maana lazima uijue ndege kwa jina na sio kwa kukadiria kwamba hii inaonekana ya kisasa.

Kitu kingine watu wanadanganyika nacho ni mkia wa mapezi matatu. Mtu akishasikia mapezi matatu anasema Constellation. Hapana bana. HP.42 ina matatu. Twin Pioneer za jeshi la anga la Uingereza zilizokuwa Eastleigh Nairobi mwishoni mwa miaka ya 50 nazo zina matatu, na hiyo ni ndege fupi ya injini mbili, bawa la juu, matairi hayakunjwi. Tatu na tatu na tatu, na hazina undugu wowote. Alama moja haikupi jina la ndege, unahitaji mbili au tatu zinazokubaliana.

Halafu Rufiji. Kila mwaka gazeti lolote likiandika habari za ile manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha kwenye delta, inawekwa picha ya ndege na chini inaandikwa "ndege ya Wajerumani". Wajerumani koloni zima walikuwa na ndege moja tu, ya rubani Bruno Büchner, na haikudumu. Ndege za Rufiji zilikuwa za Waingereza. Alianza Cutler, rubani wa kiraia, na ndege ya majini ya Curtiss aliyotoka nayo Durban, ndo alioiona manowari Novemba 1914, mwezi uliofuata akakamatwa. Mwanzoni mwa 1915 zikaja Sopwith mbili ambazo kwa joto la pwani yetu zilishindwa kazi. Zikaja Short. Mwishowe wakasafisha uwanja kisiwani Mafia, wakaleta Caudron mbili na Henri Farman mbili, na hizo ndo zilizokuwa juu zikielekeza mizinga ya meli za Waingereza Severn na Mersey mpaka Königsberg ikamalizwa tarehe 11 Julai 1915. Sasa Caudron na Farman kwenye kivuli: zote zina mabawa ya juu na chini, zote nyuma hazina mwili, ni vijiti na waya tu mpaka mkiani. Tazama panga liko wapi. Caudron panga liko mbele ya rubani. Farman liko nyuma yake, rubani amekaa mbele hana kitu cha kumkinga na upepo. Ni hivyo tu.

Na kwa ndugu zetu Kenya kuna Lincoln. Kati ya 1953 na 1955 ndizo zilizokuwa zinadondosha mabomu misitu ya Aberdare na Mlima Kenya wakati wa vita vya Mau Mau, pamoja na Harvard ndogo za injini moja. Picha zake zinaandikwa Lancaster. Ni kweli zinafanana, injini nne, mkia wa mapezi mawili, Lincoln imezaliwa kutoka kwa Lancaster, lakini bawa lake ni refu zaidi, mita 36 na kitu dhidi ya 31, na kwenye kivuli cha kutoka chini urefu ule unaonekana. Na Lancaster nazo ziliwahi kuwa Kenya miaka hiyo ya baada ya vita, zikipiga picha za kutengenezea ramani. Kwahiyo mkichanganya majina mnachanganya ndege iliyokuja kupima ardhi na ndege iliyokuja kuua watu. Wazee waliokuwa msituni wapo, msiwaandikie ovyo.

Za karibuni nitapita haraka. Argonaut za East African Airways za kuanzia 1957 zinaitwa DC-4, na kweli mwili ni wa DC-4, ila injini ni za Merlin za kupozwa kwa maji, pua ya injini ni ndefu na imechongoka, ya DC-4 ni fupi na ya duara. Comet zao zilikuja 1960, injini nne zimefichwa ndani ya bawa pale linapoungana na mwili, kivuli chake hakina injini kabisa. Super VC10 zilikuja 1966, injini nne mkiani na bawa dogo la mkia limekaa juu kabisa, kuna vijana wanaichanganya na Ilyushin 62 ya Warusi, na wala sio aibu, zinachanganya. Kwenye Il-62 ukingo wa mbele wa bawa una jino, umevunjika hatua moja, na ikiwa imepaki inashusha kigurudumu kidogo cha nyuma ili isikae kitako. VC10 haina hicho kigurudumu.

Wapo watakaosema mbona unahangaika na vivuli, soma namba ya usajili tu. Kama inasomeka ni sawa, hata mi naanzia hapo, VP-K ilikuwa Kenya, VR-T Tanganyika, VP-U Uganda, VP-Z Zanzibar, na baada ya uhuru zikaja 5Y, 5H na 5X, hiyo peke yake inakupa kabla na baada ya uhuru. Lakini picha nyingi za familia zimepigwa na kamera ndogo, mbali, jua linawaka, namba zimemezwa. Kinachobaki ni umbo.

Ombi langu kwenu ni dogo. Picha ya ndege ikija na hamna uhakika, ichapisheni bila jina, kubwa, sio ile saizi ya stempu, muulize wasomaji. Mafundi wastaafu wa East African Airways wapo Dar, wapo Nairobi, wapo Entebbe, kampuni imekufa 1977 lakini wao hawajafa wote, na wengine wanaweza kuitaja ndege kwa kutazama gurudumu la mkia tu. Na mkitoa jina, semeni mmeijuaje. Bawa lilikuwaje, injini ngapi, mkia upi. Msomaji akibisha abishe na hicho.

Na ile picha ya Jumapili, nilisema kuna kitu kingine. Kona ya chini kushoto, nyuma ya mnazi wa pili, kuna gari. Nalo ni kivuli. Boneti bapa, kioo cha mbele kimesimama wima, turubai nyuma, tairi ya akiba imelala juu ya boneti. Hiyo ni Land Rover mhariri, na Land Rover imeanza kuonyeshwa na kuuzwa 1948. Haiwezi kuwa Lindi 1938, haikuwepo popote. Kwahiyo mzee aliyewapa picha akawaambia ni East African Airways alikuwa sahihi, nyie ndo mmemwekea mwaka. Andikeni hivi kwenye toleo lijalo: "De Havilland Dragon Rapide ya East African Airways ikipaa, Lindi, 1948 au baada ya hapo. Ilitajwa kimakosa kuwa Dakota." Na kama yule mzee ana nyingine za namna hiyo, muombeni ageuze nyuma atazame kama kuna mhuri wa studio.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi,
Tanga.